Kutoka Nguzo ya Kumi na Mbili

Nyumbani,
4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mkeo na mjukuu wangu. Mimi ni mzima. Mama yako ni mzima pia, isipokuwa magoti, ambayo anayalalamikia kila asubuhi kana kwamba ni wapangaji wakorofi. Paa la jikoni limezibwa. Yule ndama aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe sasa ana pembe na kiburi. Mwambie mjukuu wangu kwamba habari za jino lake nimezipata, na kwamba hakuna sababu ya kulilia jino ambalo litaota tena.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kuulizana kama mvua imenyesha. Jambo zito huandikwa, na barua hii nimempa dereva wa lori la tangi linalopeleka maziwa huko kiwandani kwenu. Nawe unijibu kwa mkono wake huyo huyo.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa iliyopita, kwenye kituo cha kupoozea maziwa, karani alitugawia waraka kutoka makao makuu ya kiwanda, yaani huko uliko. Unasema kwamba kuanzia tarehe mosi Juni, gari lolote lisilotembea angalau kilomita tisa kwa lita moja ya mafuta litaondolewa katika orodha ya wasafirishaji wa maziwa. Mkaguzi atakuja tarehe 28 Mei kupima gari moja baada ya jingine.

Pikapu yangu, Kikohozi, ina umri wa miaka thelathini na minne. Tangu siku marehemu baba yako aliponikabidhi funguo, kila lita niliyoitia na kila kilomita iliyotembea nimeziandika katika daftari. Mwezi Januari ilitembea kilomita saba nukta tatu kwa lita. Sikuficha. Karani aliponiuliza, nilimsomea kama ilivyo.

Kipara, yule mwenye lori jipya, alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Nguzo," akasema, "hicho Kikohozi chako kinavuta petroli kuliko ndama anavyovuta titi!"

Nilimjibu kwamba Kikohozi kimewahi kulivuta lori lake kutoka matopeni mara mbili, na mara zote mbili hakuuliza kinakunywa nini.

Siondoki katika orodha hiyo. Naomba unitafutie jambo moja tu. Waraka umetiwa saini "kwa niaba ya meneja", lakini aliyetia saini hana jina. Ana mchoro kama njia ya konokono. Wewe uko ofisi hiyo hiyo ya usafirishaji. Niambie ni nani, nimwandikie mwenyewe.

Shangazi yako.


Mjini,
21 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika, ina harufu ya maziwa lakini inasomeka. Sisi hatujambo. Mke wangu amebadilishiwa zamu kazini, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsuka mtoto nywele asubuhi. Mwalimu wake ameshauliza mara mbili kama nyumbani kuna tatizo. Jino ameliweka kwenye kiberiti. Anasema litakaporudi lile jipya atayalinganisha.

Mpe mama pole ya magoti. Dawa ya kuchua nimempa dereva ailete.

Shangazi, usinikasirikie kwa nitakayosema. Hesabu haina undugu. Gari la miaka thelathini na minne, lenye kabureta, haliwezi kushindana na magari ya leo, na kiwanda kinatumia mafuta mengi mno kukusanya maziwa. Waraka ule haukuandikwa kwa kumwonea mtu. Ni mahesabu tu, yaliyopatikana kutokana na mlichoandika wenyewe mwezi Januari.

Halafu na wewe umefanya kazi. Miaka thelathini darasani, kumi na sita barabarani. Watu wa umri wako wanakaa kivulini wanasukumiwa kiti. Pumzika, shangazi. Njia yako itapewa lori. Pikapu hata ikikaa uani haitakudai kitu.

Lakini kwa kuwa nakujua, najua hutasikia. Basi mwambie Fundi Sikio atazame choki kama inafunguka yote injini ikipata moto. Atazame na breki za nyuma kama zinashika hata usipokanyaga. Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla hujatoka. Na ondoa mizigo yote isiyo ya lazima, ile jeki ya pili na yale mawe ya kuzuia magurudumu.

Kuhusu saini uliyouliza, ofisi ni kubwa na karatasi hupita mikono mingi.

Mwanao.


Nyumbani,
9 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu. Dawa ya magoti imefika na mama yako anasema inamchoma vizuri. Anauliza kama mtoto anasukwa nywele au anafungwa mafundo. Ndama mwenye kiburi amebomoa ua wa jirani, na jirani amekuja kunisomea risala yenye sura tatu.

Neno "pumzika" nililisoma, nikakunja karatasi, nikaenda kuosha madebe ya maziwa. Nilipomaliza madebe kumi na manane nilirudi nikalisoma tena, na bado lilikuwa ni lile lile. Usiniandikie tena neno hilo. Sikuomba kiti, wala kivuli, wala mtu wa kukisukuma.

Ushauri wako wa ufundi nimeupokea, kwa sababu ulikuwa sahihi. Fundi Sikio alikita bisibisi kwenye kabureta, akaweka sikio kwenye mpini kama daktari, akafumba macho. "Mama," akasema, "huyu anavaa koti wakati wa jua." Kile kibati cha choki kilikuwa kimekwama nusu, hakifunguki, kwa hiyo injini ilikuwa inanyweshwa petroli ya kuwashia mpaka mwisho wa safari. Amekisafisha. Breki ya gurudumu la nyuma la kushoto nayo ilikuwa inashika; ameilegeza. Upepo wa matairi napima kila siku. Mawe nimeyatoa. Jeki ya pili siitoi, kwa sababu ya kwanza ni mbovu.

Sasa natembea kilomita nane nukta moja kwa lita. Nimepima kwa siku kumi na mbili, tangi likijazwa hadi mdomoni kila jioni kwenye pampu ile ile, gari likisimama mahali pale pale. Nimebakiza nukta tisa. Fundi Sikio anasema injini haina zaidi ya kutoa. "Hapo umeikamua," akasema.

Na lile lori mtakaloweka badala yangu, lilikwisha kuja. Jumanne Kipara alitumwa kujaribu njia yangu ya mlimani. Zile nyumba tano za juu unazikumbuka. Alifika kwenye kona ya yule mama mjane mwenye ng'ombe wawili, akashindwa kukata, akarudi kinyumenyume mpaka chini huku jasho linamtoka hadi kwenye nyusi. "Huko juu sirudi," alimwambia karani mbele yangu. Nikimtoa Kikohozi barabarani, maziwa ya nyumba tano yatamwagwa kila asubuhi. Mjane yule anasomesha kwa lita kumi na nne za maziwa. Waraka wenu haukumhesabu.

Umeniuliza siku nyingi kwa nini naitwa Mama Nguzo, nami nikakukatalia. Nitakwambia, ili ujue kwamba nimezoea kuchekwa. Mwaka ule ule ulioondoka nyumbani, nilikuwa napima umbali wa njia mpya, nikagundua kwamba nguzo za kilomita kwenye barabara kuu zimesimikwa ovyo. Kutoka nguzo ya kumi na mbili hadi ya ishirini na mbili wanadai ni kilomita kumi. Mita ya pikapu inasema nane nukta nane. Nilirudia mara sita. Niliiandikia idara ya barabara barua mbili nikiwaeleza kwamba wamekula kilomita za umma. Hawakujibu. Wasafirishaji wenzangu wakanipa jina, nami nimelibeba miaka kumi na mmoja bila kuinamisha kichwa.

Hukunijibu kuhusu saini. Nauliza kwa mara ya pili.

Shangazi yako.


Mjini,
3 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Mtoto mzima, mke wangu mzima. Mafundo ya nywele yanaendelea vizuri.

Nimefurahi kusikia habari za choki na breki.

Naomba kitu kimoja. Niandikie namba zilizo ubavuni mwa matairi ya pikapu, yote manne. Na lile la akiba lililofungwa chini ya bodi, kama bado lipo, niandikie na lenyewe.

Tafadhali usimwambie mtu kwanza.

Mwanao.


Nyumbani,
12 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu. Mama yako anasema barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama ya mtu aliyesimama mlangoni. Tumevuna mahindi ya uani, machache lakini mazito.

Namba ulizotaka nimezinakili katika karatasi ya pili. Za matairi manne zinafanana. Za tairi la akiba ni tofauti.

Kwa kuwa hukuniambia sababu, nilijitafutia. Tairi la akiba ni lile la zamani, lililobaki ulipobadilisha mengine; na tangu hapo kila tairi likiisha nimenunua saizi ile ile uliyoniachia. Nililifungua, nikalijaza upepo, nikachora alama ya chaki ubavuni, nikalisukuma uani mzunguko mmoja kamili. Futi ya fundi cherehani ilisoma mita mbili na sentimita tano. Kisha nikamwita Fundi Sikio, tukalitoa moja la yale makubwa, tukalisukuma vivyo hivyo. Mita mbili na sentimita thelathini na tatu.

Mama yako alitutazama kutoka dirishani. "Wifi," akaniita, "mmerudi utotoni?"

Nilikuwa nimekaa juu ya tairi.

Mita ya pikapu haihesabu ardhi, mwanangu. Inahesabu mizunguko. Ilitengenezwa kwa tairi dogo. Kila mzunguko wa tairi kubwa, gari linatembea sentimita ishirini na nane ambazo mita haizijui. Zidisha mwenyewe mpaka ufike kilomita kumi, uone utakapoangukia.

Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe ndiye uliyefunga matairi ya saizi hiyo kwa mikono yako, mwezi mmoja kabla hujaondoka, ukaniambia, "Ya zamani hayapatikani, shangazi, haya makubwa ndiyo mazuri, yatakula matope." Na wewe ndiye uliyeuliza namba. Nangoja useme wewe kwanza.

Shangazi yako.


Nyumbani,
7 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Ni siku ishirini na tano. Dereva wa tangi amepita mara kumi na mbili, na kila akipita nimemwona akitafuta pa kuangalia ili asinitazame mimi. Mama yako nimemwambia una kazi nyingi. Ni mara ya kwanza kumdanganya mwaka huu, na sikupenda.

Yule mjane aliniuliza jana, akiwa ameshika debe lake, "Mama, mwezi ujao utapanda huku?" Nikamwambia nitapanda. Akauliza, "Wamekubali?" Nikamwambia sikusema wamekubali, nimesema nitapanda.

Sasa nitasema mimi, kwa kuwa wewe umeshindwa.

Ule mchoro wa konokono niliujua siku ile ile karani aliponipa waraka. Nilikushika mkono mimi mwenyewe, ukiwa na miaka sita, kwenye meza hii ninayoandikia. Kila herufi ya mwisho ulikuwa unaipinda kwenda chini na kuikatia mkia, nami nilikuwa nakupiga kidole kwa rula, na hukuacha. Waraka ule umeuandika wewe na umeutia saini wewe. Nilikuuliza ni nani ili uniambie, si ili nijue.

Sikukasirika kwamba uliandika. Kazi ni kazi, na kubana mafuta ni jambo la akili. Mimi mwenyewe nalifanya tangu niliposhika usukani. Nimekasirika kwamba ulipogundua kosa ulikaa kimya, ukaniagiza nami nikae kimya. Magari ishirini na matatu yameandikwa katika jedwali lako, na sijui mangapi yana matairi yasiyo ya asili yake. Wewe unaweza kujua.

Tarehe 28 nitakuwepo pale kituoni, tangi limejaa, na sitapimwa kwa mita. Ukitaka kunizuia, njoo unizuie mwenyewe.

Shangazi yako.


Mjini,
16 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mtoto mzima. Jino jipya limechungulia. Mke wangu amesoma barua yako kabla yangu, akaiweka juu ya sahani yangu badala ya chakula, akaenda kulala.

Ni mimi. Niliandika, nikapiga hesabu, nikatia saini. Ahadi ya jedwali lile ndiyo iliyonipandisha cheo mwezi Desemba, kabla hata ya namba zenu za Januari. Nilipewa kiti kwa ahadi ya kupunguza mafuta. Nilijua jina la pikapu yako litakuwemo. Nilijiambia ni afadhali, utapumzika, sitakuwa na hofu kila mvua ikinyesha kwamba umeteleza kwenye ile kona. Ndivyo nilivyojiambia.

Kisha ukaniandikia habari za nguzo. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mgahawa, nikatoka foleni kutafuta kalamu. Kumi kwa nane nukta nane. Hakuna idara inayokosea nguzo zote kwa kiasi kile kile, shangazi. Ni matairi. Ni yale niliyofunga mimi, nikaenda zangu bila kukwambia kwamba mita itasoma pungufu, kwa sababu wakati huo hata mimi sikujua. Nane nukta moja yako ni tisa nukta mbili. Na wewe umechekwa miaka kumi na mmoja kwa ajili yangu.

Nilipiga simu vituo vyote. Kati ya magari ishirini na matatu, tisa yana matairi makubwa kuliko ya asili na manne yana madogo. Jedwali langu ni takataka.

Nilikaa nalo siku hizo zote. Sitatafuta neno zuri la kuelezea.

Jumatatu nilienda kwa meneja. Akanisikiliza, akasema, "Wewe ndiye uliyeandika na wewe ndiye uliyetia saini. Leo unataka kufuta?" Nikasema ndiyo. Akasema ukaguzi utaendelea kwa mita kama waraka ulivyosema, na kwamba hatapiga muhuri kwenye karatasi ya kujiumbua. Basi nimeandika karatasi bila muhuri. Inasema namba za Januari si sahihi, inaeleza kwa nini, na inaagiza kila gari lipimwe kwa nguzo za barabara. Nimeituma vituo vyote, pamoja na hicho chenu. Chini nimeandika jina langu lote, herufi moja moja.

Kuanzia kesho nahamia getini, kuhesabu madebe yanayoingia.

Siji kukuzuia. Panda.

Mwanao.


Nyumbani,
2 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mkeo na mjukuu wangu na jino lake jipya. Mwambie mkeo nampa heshima zangu kwa ile sahani. Mama yako nimemsimulia yote. Aliuliza kama huko getini kuna kivuli. Nikamwambia kuna hewa, na hewa ndiyo uliyoikosa kule juu.

Sasa sikiliza ya tarehe 28.

Tulifika saa mbili asubuhi. Karani alikuwa ameibandika karatasi yako ukutani, juu ya bomba la kuoshea madebe, na wasafirishaji wamejazana mbele yake kama watoto kwenye matokeo ya mtihani. Mkaguzi alikuja na gari la kiwanda, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akaisoma karatasi, akasema haina muhuri.

"Ina saini," nikasema.

"Mama, mimi nafuata kinachoandikwa kwenye mita ya gari."

"Mita hiyo inajua matairi iliyozaliwa nayo," nikamwambia. "Haya niliyovaa haijawahi kuyaona. Wewe umetumwa kupima barabara au kupima dashibodi? Nguzo zile pale. Tujaze tangi hadi mdomoni, twende nguzo arobaini na kurudi arobaini, tujaze tena. Ukae kiti cha mbele uhesabu mwenyewe."

Hapo Kipara akapaza sauti kutoka nyuma. "Nguzo? Si wewe Mama Nguzo uliyetuambia nguzo zote ni za uongo? Miaka yote hiyo! Leo zimekuwa za kweli kwa sababu unataka kupita?"

Wakacheka wote. Hata mkaguzi alikunja midomo. Nami nilikuwa najua tangu siku ya chaki kwamba swali hilo litakuja, na kwamba bila kulijibu hakuna safari. Nilikuwa nimelala nalo wiki sita na sikulipatia njia ya kuzunguka.

Nikapanda juu ya ubao wa kushushia madebe ili wanione wote. Nikasema, "Nilikosea."

Nadhani hawakuwahi kunisikia nikitamka neno hilo. Na mimi sikumbuki lini nililitamka mara ya mwisho.

"Nguzo ni sahihi," nikasema. "Zilikuwa sahihi wakati wote. Kipimo changu ndicho kilichokuwa na kasoro, na sikukikagua kwa sababu kilikuwa changu. Niliandika barua mbili za makosa matupu. Sasa nimesema. Mwenye kucheka na acheke amalize, maana petroli haingoji. Lakini na nyinyi mna matairi. Kila mmoja akatazame ya kwake kabla hajacheka mara ya pili."

Wachache walicheka. Wengi waliinama kutazama magurudumu.

Mkaguzi akashika kalamu, akaiachia, akasema, "Haya mama, twende. Lakini nitaandika namba zote mbili."

Tulijaza tangi, nikaondoka. Alikaa pembeni yangu amekumbatia jalada lake. Sikukimbia, sikutambaa, nilikwenda kama ninavyokwenda kila siku, gia ya nne mapema, mguu mwepesi, na kabla ya mteremko naachia mapema ili nisije nikapoteza kwa breki nilichokwisha kulipia kwa petroli. Madebe kumi na manane yalikuwa nyuma, yamejaa, kwa sababu nilikataa gari lipimwe tupu. Alipaza sauti kila nguzo. Kwenye ya kumi na mbili nilimwomba atazame mita. Kwenye ya ishirini na mbili nilimwomba atazame tena. Akatazama, akapiga hesabu kwenye jalada, akanitazama mimi.

"Nane nukta nane," akasema. "Kila mara?"

"Kila mara, tangu hujaajiriwa."

Tuliporudi, nguzo zilisema themanini. Mita ilisema sabini na nukta nne. Pampu ikaingiza lita nane nukta saba, ikafika mdomoni, ikasimama. Karani alipiga hesabu, mkaguzi akapiga, Fundi Sikio, ambaye hakualikwa, naye akapiga kwa kijiti mchangani. Wote watatu walipata tisa nukta mbili.

Kikohozi kikakohoa mara moja na kuzimika. Mhudumu wa pampu akapiga makofi peke yake.

Baada ya hapo kila mmoja alitaka kupimwa kwa nguzo. Ilichukua siku tatu. Na sasa cheka, lakini kwa adabu: Kipara alikuwa amefunga matairi madogo ili lori liwe rahisi kupakia. Mita yake ilikuwa inamsifu. Alijiandikia tisa nukta nne. Nguzo zikampa nane nukta nane. Alikuja kwangu amevua kofia, na kile kipara kimetoka jasho. "Mama," akasema, "hili la Nguzo..." Nikamwambia aende kwa Fundi Sikio; breki zake za nyuma zinashika, nimezisikia tangu Januari. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia alikuwa anacheka kwa sauti kubwa mno.

Mkaguzi hakumwondoa mtu. Ameandika kwamba namba za Januari hazitumiki na kwamba walio chini ya tisa, akiwemo Kipara, wapewe miezi miwili. Sijui meneja wako atasema nini. Akinitumia barua nitaijibu. Jana, tarehe mosi Juni, nilipanda mlimani kama kawaida. Yule mjane alikuwa amesimama kwenye kona na debe lake, na hakuuliza kitu.

Karatasi yako nimemwomba karani anipe itakapobanduliwa. Amekataa, anasema itabaki ukutani. Jina lako linasomeka kutoka upande wa pili wa uwanja, na herufi ya mwisho haina mkia. Kidole kile nilichokuwa nakipiga kwa rula, kisalimie.

Njoo likizo mwezi wa nane. Tairi la akiba halifanani na mengine, na aliyelianzisha jambo hilo ndiye atakayelimaliza. Utaniletea la saizi yake, na utalifunga mwenyewe, na safari hii utapima mzunguko kwa chaki mbele yangu.

Leo asubuhi niliiandikia idara ya barabara barua ya tatu. Nimewaomba radhi kwa zile mbili za kwanza, bila kuzungukazunguka, nikawaeleza kwamba nguzo zao zote ziko mahali pake. Nimewaambia pia kwamba ile ya thelathini na moja imeinama kuelekea shimoni, kwamba hilo nimelipima kwa timazi na si kwa gari, na kwamba nangoja majibu.

Shangazi yako,
Mama Nguzo.